Mayai Manne Mchangani



Katika miji ya pwani ya Massachusetts, Marekani, kuna stika ambayo kwa miaka mingi watu wameibandika nyuma ya magari. Inamtaja ndege mmoja mdogo wa ufukweni, kisha inadai kwamba ladha yake ni kama ya kuku. Ni mzaha, lakini ni mzaha wa mtu aliyeudhika. Alipanga kwenda baharini wiki nzima, akapakia watoto, viti na sanduku la barafu, akafika akakuta kamba imefungwa na kibao kimesimikwa: msipite, ndege anaatamia. Akamtafuta huyo ndege kwa macho asimwone. Hilo nalo likamzidishia hasira.

Hakumwona kwa sababu maisha yote ya ndege huyu yamejengwa juu ya kutoonekana. Wataalamu humwita Charadrius melodus. Mimi nitamwita kitwitwi mpiga filimbi, kwa ule mlio wake mwembamba wa kuvuta. Ana uzito wa gramu 55 hivi, mgongo wenye rangi ya mchanga mkavu, kifua cheupe na ukanda mweusi shingoni. Ni wa familia moja na vitwitwi wetu, wale wanaokimbia hatua kumi, wakasimama ghafla, wakadokoa kitu, wakakimbia tena ukingoni mwa maji.

Kiota chake kinachekesha. Dume hulalia mchanga kwa kifua, akapiga teke kwa miguu huku akizunguka, mpaka pakapatikana kishimo chenye ukubwa wa kisahani cha kahawa. Huchimba kadhaa, jike akapita kukagua na kuchagua kimoja. Hapo hutaga mayai manne yenye rangi ya mchanga na madoadoa meusi, juu kidogo ya mahali maji yanapofika yanapojaa. Hakuna kijiti wala jani, labda vipande vichache vya kombe. Wote wawili huatamia kwa zamu kwa muda wa siku 25 hadi 28. Vifaranga hutoka na malaika mwilini na miguu iliyo tayari, na baada ya saa chache wanakimbia kujitafutia wadudu wenyewe. Mzazi hawalishi, kazi yake ni kuwafunika wakipata baridi na kupiga kelele kukiwa na hatari. Kuruka hawawezi mpaka zipite kama wiki nne. Yote nitakayosema leo yanahusu siku za mayai pamoja na hizo wiki nne.

Adui akitokea, kifaranga hufanya jambo moja: hujibana chini akatulia tuli. Mzazi hufanya jambo jingine. Huburura bawa kana kwamba limevunjika, akalia, akajisogeza mbele ya adui hatua kwa hatua, akampeleka mbali na watoto, kisha huruka akaenda zake akiwa mzima. Mbinu hizi zimefaa kwa muda mrefu sana dhidi ya adui anayewinda kwa macho: mwewe, kunguru, shakwe. Ndege huyu anaogopa kitu cha juu kiasi kwamba tiara ya mtoto ikipepea karibu na kiota huiona kama mwewe, akaacha mayai juani. Ndiyo maana katika fukwe nyingi za Marekani kurusha tiara karibu na viota kumepigwa marufuku. Ukimweleza mtu sheria hiyo bila kumweleza sababu, atadhani wenye mamlaka wamerukwa na akili.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ukitafuta nani anamwangamiza ndege huyu, huwezi kumpata mtu anayemchukia, hata yule mwenye stika. Zamani alikuwapo mwenye bunduki. Karne ya 19 vitwitwi waliwindwa kwa ajili ya nyama na kwa ajili ya manyoya ya kupamba kofia za wanawake, mpaka sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 ilipokomesha biashara hiyo. Wakaongezeka. Kilichowapunguza tena baada ya Vita Kuu ya Pili ni furaha. Watu walipata magari, likizo na nyumba za kando ya bahari, na majira ya joto, wakati ambao binadamu wa kaskazini hutamani mchanga, ndiyo hayohayo kitwitwi anayotagia. Serikali ya Marekani ilipomweka chini ya ulinzi mwaka 1986, jozi za pwani ya Atlantiki ya Amerika Kaskazini zilikuwa 790 hivi. Kwenye Maziwa Makuu ya huko, mwaka 1990 walibaki kama jozi 12.

Yatazameni mambo yenyewe moja moja muone yalivyo ya kawaida. Mtu anatembea na mbwa asubuhi, mbwa anakimbia mbele kwa raha zake, na kitwitwi anainuka kwenye mayai. Gari la kuvulia linapita kwenye mchanga na kuacha mifuo ya magurudumu, kifaranga anatumbukia humo, na gari la pili likija anafanya alichofundishwa na maumbile: anajibana chini akatulia. Familia inamaliza kula na kuacha mabaki, kunguru na rakuni wanajifunza njia ya ufukweni. Mji unawasha fataki tarehe 4 Julai, usiku ambao vifaranga wengi hawajaota mabawa. Mwenye hoteli anaagiza mwani ufagiliwe mapema kabla wageni hawajaamka, maana wageni wanalipia mchanga mweupe, na pamoja na mwani anafagia viroboto wa ufukweni na nzi ambao ndio chakula cha kifaranga. Mwenye nyumba anajenga ukuta ili bahari isimle kiwanja. Ufukwe wenye afya hutembea. Bahari ikisogea, nao husogea nchi kavu. Ukuta ukisimama nyuma yake, mchanga hauna pa kwenda, na bamvua la kwanza hufagia kila kilichotagwa.

Hata dhoruba si adui kama tunavyoidhania. Kimbunga Sandy kilipopiga New York Oktoba 2012, kilivunja matuta ya Fire Island na kumwaga mchanga mpya ndani ya kisiwa. Kwa wenye nyumba ulikuwa msiba. Kwa kitwitwi lilikuwa tangazo la viwanja vipya, na miaka iliyofuata alivitumia. Baadaye matuta yalijengwa upya na kupandwa nyasi ili kulinda makazi ya watu. Sitawalaumu waliofanya hivyo, nyumba yangu ingekuwa pale ningebeba koleo.

Sasa paka. Najua ugumu wa jambo hili mbele ya watu wa pwani. Kwetu paka si mnyama wa kutupiwa mawe. Tumelelewa na habari za Abu Huraira, sahaba aliyepata jina hilo kwa kupenda paka, na mjini Lamu paka anapita vichochoroni kama mwenye hisa. Kwangu pia yuko mmoja, na usiku huu amelala ndani.

Tatizo la paka mbele ya kitwitwi ni kwamba hawafungwi na kanuni za mchezo. Ulinzi wote niliousimulia ni wa kudanganya macho ya mchana. Paka huwinda hata usiku, kwa masikio na kwa macho yanayoona gizani, na ana subira ya kukaa saa nzima bila kutikisa mkia. Kifaranga akijibana chini, mwewe humpita juu, lakini paka humwinamia akamwokota. Na paka hahitaji njaa ili awinde. Watafiti na wafugaji wote wanajua kwamba paka aliyeshiba bado huvizia, kwa kuwa uwindaji kwake ni tabia inayojitegemea. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliokadiria kwamba paka wa Marekani, mjini na mashambani, huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Makadirio hayo yanajumuisha ndege wa kila aina, na vitwitwi ni tone ndani yake. Lakini jamii yenye jozi chache haiwezi kutoa hata tone.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Jones Beach, bustani ya jimbo la New York kando ya kisiwa cha Long Island. Pale vitwitwi wanataga, na pale pia waliishi paka shume, ambao watu wenye huruma waliwapelekea chakula na kuwawekea vibanda vya kujihifadhi na baridi. Mwaka 2016 shirika la American Bird Conservancy lilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho, likidai kwamba mamlaka ya bustani inavunja sheria ya viumbe walio hatarini kwa kuwaacha paka hao karibu na viota. Kesi ilimalizika kwa mapatano mwaka 2018: paka waondolewe kwa upole, na wasiopata wa kuwachukua wawekwe ndani ya uzio.

Mnaweza kufikiri huo ni ugomvi wa watu wema na wabaya. Mimi nauona kama ugomvi wa huruma mbili, na ndiyo maana ulikuwa mchungu. Anayemlisha paka anamwona paka mmoja, ana jina lake, anajua sikio lipi limechanika. Anayemlinda kitwitwi anaona hesabu: jozi ngapi mwaka huu, vifaranga wangapi wameruka. Mmoja anamwambia mwenzake huna moyo, naye anajibiwa huna akili. Waliokuwa wakilisha walikuwa na hoja moja nzito: paka wale hawakujipeleka ufukweni. Kuna mtu aliyehama nyumba, akamfungia paka kwenye boksi, akaendesha gari usiku mpaka kwenye maegesho ya bahari, akafungua mlango. Lawama zote za kisa hiki zianzie kwake.

Njia inayopendwa na wengi ni kuwakamata paka, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha walipokuwa. Mtaani ni njia nzuri, na nadhani miji yetu ingefanya vizuri kuitumia zaidi. Ufukweni penye viota haifai. Paka aliyehasiwa hazai, lakini anawinda kama jana. Tena sahani za chakula zikijulikana, watu wengine huja kutupa paka wao palepale, maana wameshajua watapata mlezi.

Hata hivyo, msitoke hapa mkidhani dawa ni kumfyeka paka tu. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa kisiwa cha Marion, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, ili wapunguze panya katika kituo cha hali ya hewa cha Afrika Kusini. Kufikia 1977 walikuwa wamefika 3,400 hivi, wakila ndege wa baharini wanaokadiriwa kuwa 455,000 kwa mwaka. Kuwaondoa kulihitaji ugonjwa ulioletwa makusudi, kisha bunduki, kisha mitego, mpaka 1991. Paka akiondoka panya hutawala, wamesema wazee, na Marion imetawaliwa kwelikweli: panya wale sasa hutafuna makinda ya albatrosi wakiwa hai. Anayegusa kisiwa lazima ajue nani anamzuia nani.

Kupotea kabisa kwa ndege wa ufukweni si jambo la kubuni. Visiwa vya Canary vilikuwa na ndege wake mweusi mwenye mdomo mrefu mwekundu, aliyekula kombe na konokono wa miambani. Juni 1913 Mwingereza David Bannerman alimpiga risasi mmoja katika kisiwa cha La Graciosa, na huyo ndiye wa mwisho kuhifadhiwa makumbusho. Phil Hockey, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alifuatilia kisa hicho katika miaka ya 1980. Hakukuta mwuaji mmoja. Watu walikusanya mno chakula chake miambani, walimsumbua akitaga, panya na paka wakala kilichobaki. Ndugu yake wa Afrika Kusini alikuwa njia hiyohiyo, akitaga Desemba, mwezi ambao nchi nzima iko baharini. Mwisho wa mwaka 2001 serikali ilitangaza kanuni za kuzuia magari kuendeshwa fukweni kwa starehe. Wavuvi wa burudani walinung'unika sana, lakini ndege aliongezeka. Uadilifu unanitaka niseme alisaidiwa pia na kome wa kigeni kutoka Ulaya waliojaa miambani wakamwongezea riziki, kwa hiyo kanuni isichukue sifa zote.

Turudi Marekani, maana huko kuna habari njema nayo imegharimu jasho. Massachusetts, ile ya stika, mwaka 1986 ilikuwa na jozi zisizozidi 150. Miaka ya karibuni zimepita 1,000. Kwenye Maziwa Makuu zimefika kama 80. Kazi yenyewe haina fahari: kamba, vibao, vijana wa kujitolea waliokaa juani wakiwaeleza watu wapite upande gani, na kizimba cha waya kinachofunika kiota, chenye matundu ambayo kitwitwi anapenya na mbweha hapenyi. Nacho kizimba kina kasoro zake, kwa kuwa wawindaji wakikizoea humsubiri ndege mzima anapotoka.

Mwaka 2019 jozi moja ilitaga katika ufukwe wa Montrose, ndani ya jiji la Chicago, kando ya uwanja wa mpira wa wavu. Watu wakawaita Monty na Rose. Tamasha la muziki lililopangwa kufanyika hapo Agosti likafutwa, jambo ambalo sikudhani ningelisikia maishani: wenye spika kuwapisha wenye gramu 55. Mwaka 2021 skanki, mnyama anayefanana na kicheche wetu, alipitisha mkono ndani ya kizimba akala mayai yote manne. Rose akataga tena. Kifaranga mmoja wa uzao huo wa pili alipewa jina la Imani, kwa Kiswahili hikihiki. Monty alikufa Mei 2022 kwa maradhi ya mapafu, na Rose hakuonekana tena. Imani alirudi Montrose, akazunguka bila mwenzi, mpaka 2024 alipompata jike aliyelelewa na watu na kuachiwa mwaka uliotangulia. Waliangua vifaranga wanne. Akaruka mmoja.

Nyumbani je? Fukwe za Kenya na Tanzania zina kitwitwi wake mkaazi, mwenye paji jeupe, mdogo kama yule wa Marekani, na kwa kawaida hutaga mayai mawili. Huyu ana hila ambayo binamu yake hana. Mkaribieni polepole upande wa matuta, kwenye mchanga wenye kombe na vipande vya nazi. Anainuka, haruki. Anageuka, anarusha mchanga kwa miguu nyuma yake, haraka haraka, mateke mafupi, kisha anaondoka kwa kutembea, hana wasiwasi, kama aliyekuwa akipita tu. Ukifika pale huoni yai. Yamefukiwa yote, au imebaki ncha moja inayofanana na jiwe. Jua halitayapika kwa dakika hizo. Lakini kama umetandika mkeka hapohapo ukakaa mpaka alasiri, hali inakuwa nyingine. Na ukikanyaga, hutajua hata kama umekanyaga.

Adui wake mmoja wa mchana ni mgeni tuliyemleta sisi wenyewe. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka, akaenea pwani yote, na anakula mayai na vifaranga bila kuchoka. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni moja. Sumu na mitego itawapunguza kwa muda, lakini anayewalisha ni jaa lililo wazi nyuma ya soko na nyuma ya hoteli, na jaa hilo ndilo linalomlisha paka shume pia.

Yuko na mwingine ambaye lazima nimtaje, kwa kuwa anaishi kwetu na kuzaa kwa jirani. Ni yule mla kaa mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene kama kisu cha kufungulia chaza, anayejaa katika hori ya Mida karibu na Watamu. Kusi likianza huondoka kwenda kaskazini, kama majahazi ya zamani yaliyorudi Uarabuni, ila kurudi kwake hangoji kaskazi, mwezi wa nane ameshaanza kufika. Hutaga kwenye visiwa vya mchanga vya Oman, Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na Somalia. Huchimba shimo refu ardhini na kuweka yai moja jeupe, akisaidiwa kuliatamia na joto la mchanga. Weupe wa yai hauna hasara gizani. Kifaranga wake, tofauti na kitwitwi, hukaa shimoni akiletewa chakula, na hata akishafika huku kwetu huonekana akimwomba mzazi. Shimo hilo lina mlango mmoja. Visiwa hivyo vimemfaa kwa sababu havikuwa na mnyama wa miguu minne wa kuingia mlangoni. Mashua moja ya wavuvi ikimwacha paka huko, au panya mwenye mimba ndani ya gunia la mchele, kundi la Mida linapungua pasi na mtu wa Watamu kujua kwa nini.

Nimeulizwa na mwenye hoteli mmoja, kabla hatujaanza, afanye nini hasa. Nilimjibu hivi. Mwani ufagie mbele ya viti vya wageni, uache hatua mia moja upande usio na viti. Jaa lifunikwe. Paka wa jikoni walishwe jikoni, mchana, kisha sahani iondolewe, wahasiwe, na kama wanaweza kufungiwa ndani usiku, wafungiwe. Pikipiki za mchangani zisipite juu ya mstari wa mwani. Mfanyakazi akiona ndege anayekataa kuruka na anayepiga mateke mchanga, aweke vijiti vinne na kamba, na mgeni akiuliza aelezwe sababu kwanza, katazo baadaye. Akaniuliza gharama. Kamba, nikamwambia, na mtu wa kueleza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali nayakaribisha, na wenye paka waanze.